Aliyemtangulia wa Kwanza

11 Januari

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Naamini barua hii imekukuta kifua kimetulia. Baba aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unakaa barazani ukinyoosha misumari iliyopinda ili aitumie tena kwenye paa. Nilicheka sana. Niliomba nikusalimie, akasema umekataa kwa sababu simu inakuvumia sikioni kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Basi naandika. Mimi mzima. Chumba changu kipya kina dirisha moja linalotazama ngazi za watu wengine, lakini maji hayakatiki, na hilo linanitosha.

Sasa, kazi. Manispaa imeamua kwamba madaftari yote ya makaburi yaingizwe kwenye kompyuta. Waliponiuliza kama nimewahi kuona daftari la maziko, nilijibu kwamba aliyeyaandika ndiye aliyenifundisha kusoma. Mwandiko wako uko mbele yangu kila siku tangu saa mbili asubuhi: miaka thelathini na moja, wino mmoja wa buluu, na sijaona bado mahali ulipofuta.

Kazi yenyewe iko hivi. Mpimaji amepita makaburini na chombo chake akalipatia kila kaburi alama, akianzia ukutani kuelekea barabarani, mstari kwa mstari. Mimi nachukua alama zake na majina yako, naviunganisha katika programu. Mtu akija dirishani akataja jina la marehemu wake, tunamchapia kikaratasi chenye ramani. Vile vigingi vyako vya namba vimeng'oka karibu vyote, kwa hiyo kikaratasi hicho ndicho macho ya watu.

Juma lililopita alikuja bibi mmoja, mjane. Nikamchapia. Baada ya saa nzima akarudi, akapita foleni yote hadi kwangu.

"Binti, mliyenikalisha naye ni nani?"

"Si mumeo, bibi?"

"Mume wangu nilimzika mwenyewe. Mti uko kuliani kwake. Huyu mti uko kushotoni. Na mimi nimeshamwambia mambo yote ya ndani ya nyumba yangu! Sasa sijui ni mume wa nani anayeyajua."

Foleni ilicheka. Yeye hakucheka, nami sikuweza.

Nimepata kosa. Mpimaji ameanza kuhesabu na sifuri, kama ilivyo lugha ninayoandikia programu. Wewe umeanza na moja. Mimi nimeunganisha namba kwa namba, na kila marehemu akasogea kwa jirani yake. Mkuu wangu ananiuliza kwa nini mtu mwenye akili timamu aanze kuhesabu na sifuri. Najua kufanya, kueleza ndiko kunakonishinda. Wewe ulikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya ukarani. Nieleze. Na uniambie kama kila mstari uliuanza na moja.

Mwanao

*

3 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imelowa pembeni, lakini maneno yote yamepona. Hapa tu wazima kwa kadiri ya umri wetu. Mama yako goti limempa likizo, amerudi bustanini. Baba yako amemaliza paa, na kwa kuwa alitumia misumari yangu anadai nyumba ni yetu sote. Mimi nakula, nalala, nakohoa kidogo, nasoma magazeti ya mwaka jana. Habari ni zilezile.

Umenipa furaha kwa swali lako. Tangu niache darasa hakuna aliyeniuliza kitu ambacho jibu lake linahitaji karatasi.

Mwambie mkuu wako hivi. Kuna maswali mawili yanayofanana uso lakini si ndugu. La kwanza: huyu ni wa ngapi? La pili: kabla ya kumfikia, umewapita wangapi? Ukiwahesabu mbuzi zizini unauliza la kwanza, na hakuna mbuzi wa sifuri. Lakini ukitembea kwenye mstari kutoka mwanzo unauliza la pili. Wa kwanza hujapita yeyote kabla ya kumfikia, basi namba yake ni sifuri. Wa pili umempita mmoja. Kompyuta, kama nilivyoielewa katika kitabu ulichoniachia, haikai kuwatazama mbuzi. Inasimama mwanzoni mwa mstari na kuuliza ni hatua ngapi hadi kwa unayemtaka. Ndiyo maana waliotunga lugha yako wakaanza na sifuri. Wale waliotunga lugha zinazoanza na moja walimfikiria mtu mwenye orodha mkononi. Wote wana haki. Ugomvi huanza wanapopeana karatasi bila kuulizana.

Usidhani sisi hatuna mkanganyiko huo. Rula ya mtoto wa shule huanza na sifuri, vidole vyake huanza na kimoja. Mtoto akiwa katika mwaka wake wa kwanza, umri wake ni miaka sifuri. Jua likichomoza tunasema saa kumi na mbili. Ikipita saa nzima ndipo tunasema saa moja, kwa maana tunahesabu saa iliyokwisha kupita. Lakini ile ya kumi na mbili hatukuthubutu kuiita sifuri. Tuliiazima namba ya mwisho ya usiku. Binadamu anaogopa kuanza na kitu ambacho hakipo.

Dawa yako ni fupi. Chukua namba ya mpimaji, ongeza moja, upate yangu. Mimi kila mstari niliuanza na moja. Kati ya ukuta na namba moja niliacha upana wa kaburi, njia ya toroli, na hiyo haina namba. Ongeza moja kila mstari, usibague, na mjane wako atalia kwa mumewe.

Baba yako Mkubwa

*

22 Februari

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nimeusoma ule mfano wa mbuzi mbele ya ofisi nzima. Mkuu amesema wewe ndiye ungepaswa kuajiriwa. Kuna mwenzangu tunamwita Takwimu, kwa kuwa hutapata kwake sentensi isiyo na asilimia. Lugha anayoandikia programu inaanza na moja, naye huninyanyasa tangu siku ya mjane.

"Watu wa sifuri," ananiambia, "mkialikwa chakula mnakaa kwenye kiti ambacho hakijanunuliwa."

"Na nyinyi watu wa moja mnafika kabla hamjaondoka nyumbani," nikamjibu.

Anacheka, lakini kazi yake ni safi. Tumeongeza moja. Mistari minne ya kwanza imekaa sawasawa: mpimaji ana sifuri hadi kumi na tisa, wewe una moja hadi ishirini. Mjane amerudi, akakuta mti kuliani. Aliniletea maembe matatu.

Kuna jambo jingine, na sijui kama mmelisikia huko. Barabara itapanuliwa, na tawi lake jipya litakatisha makaburini hadi ukutani. Mistari ya tano hadi ya nane itahamishiwa eneo jipya nyuma ya kilima, na kazi itaanza mwezi wa Juni. Wachimbaji watafuata orodha itakayotoka kwenye programu yangu. Atakayekuwa kwenye orodha atahamishwa. Asiyekuwepo atabaki, na lami itapita juu.

Unajua ni nani yuko mstari wa saba. Wakati wa maziko yake nilikuwa chuoni, lakini namba yake naikumbuka: ishirini na tatu, ya mwisho upande wa barabara. Nimejipa kazi ya kumsindikiza Mama Mkubwa mimi mwenyewe.

Ila mstari huohuo hauniridhishi. Daftari lako lina majina ishirini na matatu. Mpimaji ana alama sifuri hadi ishirini na tatu, yaani makaburi ishirini na manne. Mistari mingine yote hesabu inakubaliana. Huu peke yake una moja ya ziada. Je, iko mwanzoni au mwishoni? Ninaomba unijibu mapema kidogo kuliko kawaida yako.

Mwanao

*

30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kuchelewa. Kulikuwa na mvua, kisha kulikuwa na kifua changu, kisha baba yako alikuwa na wageni wa siku nne ambao hawakujua kuondoka. Mama yako anasema umekonda kwenye ile picha. Mimi naona ni mwanga wa dirisha. Kula.

Habari ya barabara tumeisikia.

Kuhusu mstari wa saba: mpimaji ni mtu, na mtu huweza kuona kichuguu akakiita kaburi. Niliandika majina ishirini na matatu kwa kuwa nilipokea hati ishirini na tatu. Karani haandiki anachokiona ardhini. Anaandika kinachothibitishwa kwa karatasi. Hiyo ndiyo tofauti ya daftari na maneno ya mtaani. Daftari langu halikosei. Lifuate.

Umeuliza pia, katika barua ya kwanza, kuhusu historia ya sifuri. Hapana, nadhani hukuuliza. Basi nitakueleza siku nyingine.

Baba yako Mkubwa

*

12 Aprili

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nafurahi kifua kimepoa. Nimenunua kiti na sasa nina wageni wa kukaribishwa, mmoja mmoja.

Nimelifuata daftari. Kwanza nilikwenda makaburini nione kwa macho. Mkandarasi amekwisha kung'oa vibao vya makaburi vilivyosalia akavirundika ukutani, hapohapo mstari wa saba unapoanzia, kwa hiyo kilicho chini yake hakionekani. Upande wa barabara amemwaga kokoto hadi juu ya makaburi ya mwisho. Yule mlinzi wa geti mzee yupo bado. Nilimuuliza kama chini ya vibao kuna kitu.

"Mimi kazi yangu kufungua na kufunga," akasema. "Muulize karani."

"Nimemuuliza."

"Muulize tena."

Takwimu anasema mpimaji alihesabu rundo la kokoto. Mkuu anasema ni ile moja yangu imerudi, na kwamba nikikosea tena mbele ya watu hataweza kunitetea. Hivyo tumefanya ulivyoagiza: tumeongeza moja bila kubagua. Sifuri imekuwa namba moja, ishirini na mbili imekuwa ishirini na tatu, na alama ya mwisho, iliyo kwenye kokoto, imekosa jina, tumeifuta. Majina ishirini na matatu, makaburi ishirini na matatu. Mkuu ametia saini.

Programu imeacha kulalamika. Mimi ndiye sijaacha. Usiku huu wa kuamkia leo nimeota naita majina darasani na kuna anayeitikia kabla sijaita la kwanza. Nikikosea unikosoe.

Mwanao

*

25 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Baba na mama yako wamekwenda sokoni, nami niko mezani peke yangu. Naandika haraka kabla hawajarudi.

Barua yako imefika jana. Nimechukua karatasi nikachora mstari, kama nilivyokuwa nikiwafanyia wanafunzi wagumu. Juu nimeandika alama za mpimaji, sifuri hadi ishirini na tatu. Chini nimeandika watu wangu. Nimeongeza moja, nikavusha kidole kutoka alama hadi alama hadi mwisho. Kidole kilipofika kwenye ile mliyoifuta nikaweka kalamu chini.

Chini ya kokoto ni Mama Mkubwa wako.

Mpimaji hakukosea. Katika mstari wa saba namba zake na zangu ni zilezile, moja kwa moja, ishirini na tatu kwa ishirini na tatu. Hupaswi kuongeza kitu. Sifuri yake si kichuguu wala si mwanzo wa rula. Ni kaburi, na nililichimba mimi.

Nitakueleza kwa utaratibu, maana bila utaratibu sitafika.

Umezoea kuitwa mtoto wa kwanza wa ukoo huu. Mwaka mmoja kabla yako kulikuwa na mwingine, wetu. Alizaliwa hana pumzi. Mama Mkubwa wako alikuwa hajitambui, na alikaa hivyo siku mbili. Muuguzi akanikabidhi mtoto amefungwa katika kitambaa cha hospitali, akaniuliza kama niwaachie wao. Kwa kanuni za wakati ule asiyezaliwa hai hakupewa hati, na asiye na hati hakuandikwa, na asiyeandikwa hakupewa nafasi. Kanuni hiyo nilikuwa nikiwasomea watu dirishani mara kwa mara, kwa sauti hii unayoijua. Nimewarudisha akina baba wengi wakiwa na kitu mikononi.

Nilikuwa na funguo za geti. Ilikuwa alasiri, mchana mweupe, watu wakipita barabarani. Mstari wa saba ulikuwa haujafunguliwa. Nikamlaza ukutani, kwenye njia ya toroli, nikasawazisha. Siku ya tatu yake akaja fundi cherehani mmoja mwenye hati kamili. Nikamzika hatua moja mbele, nikaandika: moja.

Daftari lile unalolisifia halina mahali nilipofuta kwa sababu hiyo. Sikufuta. Sikuandika.

Mama Mkubwa wako alijua mahali. Hakuniomba nimwandike, mimi nami sikusema nitamwandika. Nafasi ya ishirini na tatu niliizuia miaka mingi kwa kisingizio cha mzizi wa mti, ili yeye apate kulala mstari mmoja naye. Sasa kanuni niliyokupa kwa majivuno imemwacha barabarani. Nilikufundisha kuuliza umewapita wangapi kabla ya kumfikia wa kwanza. Mimi mwenyewe katika mstari huu nilijua ni mmoja, nikakujibu hakuna.

Simu ya hapa husemewa sebuleni, tena kwangu ni lazima watu wapige kelele. Baba yako hajui. Itakubidi usubiri posta. Juni bado.

2 Mei. Bahasha haijaenda. Imo ndani ya koti. Nilifika posta nikanunua stempu nikarudi.

17 Mei. Baba yako ameniuliza barua hiyo ni ya nani. Nimesema ni risiti.

29 Mei. Naituma leo. Ondoa ile moja, mwanangu. Ondoa haraka.

*

18 Juni

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Wote nyumbani nimewasalimia kwa simu, sikuwaambia kitu.

Barua yako nimeipata tarehe kumi na mbili. Mvua ilitabiriwa, mkandarasi akaharakisha. Mstari wa saba ulihamishwa tarehe tisa.

Nilikuwepo. Niliahidi kumsindikiza Mama Mkubwa, na nilitembea nyuma ya sanduku lenye namba ishirini na tatu hadi nyuma ya kilima. Sasa najua nilimsindikiza jirani yake. Nilimwambia maneno yangu yote njiani. Ndivyo ilivyompata yule mjane, na sasa nimemwelewa.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi za posta. Nilikimbia hadi kwa Mkuu, nikamwekea mezani mchoro wako, bila ukurasa unaokuhusu. Nikamwambia kosa ni langu. Alitazama namba, kidole kikivuka alama kwa alama, kama chako. Hakufoka. Aliinua simu akasimamisha gari la lami lililokuwa limeshafika mstari wa tano. Kuhusu ajira yangu atanijulisha.

Tulisukuma kokoto. Alikuwepo, Baba Mkubwa. Msimamizi wa wachimbaji aliniita nione sanduku kabla ya kulifunika, maana safari hii nilikataa kuamini namba. Ulimvisha ile shali yake ya kijani. Ningemtambua popote. Amehamishwa tarehe kumi na tatu, saa nne asubuhi, na nilitembea naye kweli.

Sasa ile sifuri. Siku ya tarehe tisa walichimba ukutani wakitafuta mtu mzima, fundi cherehani. Msimamizi akaniambia, "Dada, huyu namba moja wenu hayupo. Ni uzi wa kitambaa tu, umeganda kwenye udongo." Kanuni yao ni kwamba pasipoonekana kitu wanachukua udongo wa mahali penyewe, sanduku lisiende tupu. Wakajaza kwa mikono, wakaandika jina la fundi. Kwa hiyo ameshahama. Alikwenda wa kwanza kuliko wote, kwa jina la mtu mwingine.

Lazima nami nikiri kitu. Siku ile ya Aprili mlinzi hakusema "muulize karani" tu. Alisema Mama Mkubwa alikuwa akija kila juma, miaka mingi kabla ya kufa, na alipokuwa akikaa ni ukutani, mstari wa saba. Sikukuandikia. Niliogopa kwamba nikiuliza utajibu. Ningeandika sentensi ile moja, usingehitaji koti lako kuweka bahasha. Usiubebe mzigo huu peke yako.

Tumesahihisha masanduku ishirini na matatu kati ya ishirini na manne. Familia zinapigiwa simu moja moja. Limebaki moja. Nafasi ninayo, pembeni ya Mama Mkubwa. Eneo jipya halina ukuta. Lakini programu haipokei kaburi lisilo na jina. Hilo sharti nililiweka mimi mwenyewe, nikidhani nazuia makosa. Ningeweza kuliondoa. Sitaki.

Alikuwa na jina?

Mwanao

*

4 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimewaambia. Tulikuwa tunakula mchana. Kwa kuwa sisikii vizuri nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na nadhani jirani naye amejua. Mama yako alisimama akaja kunishika bega. Baba yako aliisukuma sahani yake pembeni. Kisha akauliza lile swali ambalo mtu yeyote angeuliza: alikuwa wa kike au wa kiume?

Nilishindwa kumjibu, na wewe nitakueleza sababu, halafu sitakuwa na kitu tena nilichokificha.

Sikutazama. Muuguzi alinipa amefungwa, nami nilimzika amefungwa. Kile kitambaa kilikuwa na fundo, na fundo lile lilinishinda. Mama Mkubwa wako alipozinduka siku ya pili jambo la kwanza aliuliza hilohilo. Nilikuwa mwalimu, mwanangu. Nilizoea kwamba ukiulizwa lazima ujibu. Nikajibu, "Wa kike." Akageuza uso dirishani, na baada ya muda akamwita kwa jina. Tangu siku ile nilimsikia akilitamka kila juma akirudi kutoka ukutani, na kila mara nilijiambia kesho nitamweleza kwamba sijui. Miaka ishirini na mbili. Amekufa akiwa na binti.

Kwa hiyo sina cheti, sina shahidi, na nusu ya jibu langu huenda ni uongo. Ningekuwa bado karani wa dirishani nisingekukubalia. Lakini aliyekuwa mama yake alilitoa akijua anamwita nani, na mimi sina haki ya kulibatilisha.

Jina nimeliandika kwenye karatasi ndogo iliyokunjwa ndani ya bahasha hii. Ni mara ya kwanza kuliandika. Liingize kwenye programu. Ukimaliza, nenda nyuma ya kilima, usimame kati yao wawili, ulisome kwa sauti. Halijawahi kutamkwa na mtu yeyote isipokuwa yeye, nami sijui linasikikaje kinywani mwa mwingine.

Baba yako Mkubwa